Vikombe Saba Chini ya Ngazi

Duka la kuchapa na kubana vitabu lilikuwa limefurika hadi kizingitini. Ilikuwa siku ya mwisho ya wanachuo kukabidhi tafiti zao, na kila aliyeingia alikuwa amekumbatia karatasi kifuani kama anayezikinga na mvua. Mashine mbili za fotokopi zilinguruma. Ya tatu ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na mtu alikuwa ameifunika kwa gazeti kama maiti. Joto la wino na jasho lilikuwa limetanda hewani.

Katikati ya msukosuko huo alisimama dada mmoja mwenye sare ya bluu ya kliniki ya macho, kitambaa cheupe kichwani, raba nyeupe miguuni. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Alikuwa anahesabu watu. Ndiyo tabia yake: popote anapoingia lazima ajue wako wangapi, na akitoka ageuke ahakikishe hawajapungua.

"Dada wa bluu!" aliita kijana wa kaunta. Alikuwa mrefu, aproni yake ina madoa makavu ya gundi, penseli sikioni, na hakuwa na sekunde moja ya kutulia. Mkono huu unakata, ule unapiga pini, mguu unasukuma droo. "Wewe ni utafiti au fotokopi?"

"Mimi ni hadithi."

Wanachuo wakageuka kumtazama.

"Hadithi," kijana akarudia, kana kwamba ameambiwa bei ya kitu asichokijua. "Kurasa ngapi?"

"Kumi na mbili. Nimeandika kwa mkono. Nataka ichapwe, ikunjwe katikati, ipigwe pini. Nakala ishirini."

Kijana akapokea zile karatasi. Zilikuwa fomu za zamani za kliniki zisizotumika tena, zenye muhuri upande mmoja, na upande wa pili mwandiko mdogo, wa mviringo. Akataka kuziweka kando. Jicho likadakwa na mstari wa kwanza, akasimama palepale.

"Kaka, sisi tunafeli huku!" mwanachuo mmoja akapaza sauti.

Kijana akainua kidole bila kuinua macho. "Subiri kidogo. Zimwi amepoteza sindano."

"Nani?"

"Zimwi. Ni fundi cherehani." Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kisha akamtazama yule dada. "Anaipata?"

"Anaipata."

"Wapi?"

"Ilikuwa kwenye ndevu zake."

"Halafu?"

"Halafu wanakunywa chai."

"Zimwi hamli mtu?"

"Huyo? Hali hata biskuti ya mwenzake bila kuomba."

Kijana akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekaa karibu na droo ya fedha na kujulikana kwa sauti yake kuliko kwa sura yake, akapiga meza. "Gundi! Fanya kazi, mahaba baadaye!"

Hivyo ndivyo dada wa bluu alivyojua kwamba kijana anaitwa Gundi. Naye, kwa kuwa kwenye beji yake paliandikwa MAPOKEZI kwa herufi kubwa na jina kwa herufi zilizofutika, Gundi hakumwita kwa jina lingine tangu siku ile.

*

Hadithi zote za Mapokezi zilitokea katika Mtaa wa Chini ya Ngazi, mtaa mdogo ulio chini ya ngazi za jengo ambalo wapangaji wake hawajui kama lina wapangaji wengine. Waliishi humo saba. Zimwi Fundi Cherehani. Jini wa Chupa ya Chai, aliyetimiza matakwa yasiyozidi ukubwa wa kikombe. Kobe wa Posta, ambaye barua zake zilifika zimeshajibiwa. Panya mapacha waokaji. Bibi Mwavuli, mkongwe mwenye ubavu mmoja uliovunjika. Na Binti wa Taa, aliyepanda ngazi kila jioni kuwasha taa, soksi moja ya njano, moja ya kijani.

Hakuna kikubwa kilichotokea huko. Mkate uligoma kuumuka. Barua ilipelekwa mlango usio wake. Jini alinuna kwa sababu amejazwa kahawa. Na kila hadithi ilimalizika kwa namna ileile: wote wanarudi, wanakaa, na vikombe vinahesabiwa mezani. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka saba.

Nakala ziliachwa kwenye benchi la kliniki. Mgonjwa akishatiwa dawa ya kupanua mboni haoni maandishi kwa saa kadhaa, kwa hiyo aliyemsindikiza ndiye humsomea. Mapokezi alikaa nyuma ya dirisha lake la kioo akiwatazama: mke amemwinamia mume, mjukuu ameegemea bega la bibi, wakicheka kidogokidogo kwa mambo yasiyo na maana. Dakika hizo ndizo pekee ambazo miguu yake haikutikisika chini ya meza.

Jambo moja hakumwambia mtu. Miaka miwili nyuma, yeye mwenyewe alikaa kwenye benchi la hospitali miezi minne, pembeni ya mdogo wake. Mdogo mtu huyo alipenda soksi zisizofanana, akidai kwamba zinazofanana zinachoshana. Mapokezi alimtungia mtaa ule pale benchini, siku baada ya siku. Kila alipoanza, mdogo wake alimkatiza: "Leo kuna ubaya?"

"Hakuna."

"Kuna mtu anaondoka?"

"Hakuna anayeondoka."

"Haya, endelea."

Alikufa asubuhi moja kabla daktari hajaanza mzunguko. Mapokezi aliendelea kuandika. Chini ya ngazi walibaki saba, na kila alipofika kwenye kikombe cha saba alipumua.

*

Gundi akawa anapiga simu kila jioni akitoka kazini. Kisingizio cha kwanza kilikuwa mwandiko.

"Mapokezi, hapa umeandika 'kofia' au 'kahawa'?"

"Kahawa. Jini atajazwaje kofia?"

"Mimi sijui mambo ya majini, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani. Ulimi umeteleza."

"Ulimi wako una sabuni?"

Baada ya juma la tatu hakuomba samahani tena. Walikutana saa za chakula cha mchana kwenye ukuta mfupi nyuma ya kliniki, yeye na aproni yake, dada na sare yake. Gundi hakuweza kukaa. Alizunguka, akapiga kijiwe teke, akarudi.

"Kaa chini, kizunguzungu kitanishika," Mapokezi alimwambia. "Gundi gani wewe usiyeganda mahali?"

"Gundi mbichi. Subiri nikauke." Akakaa nusu dakika. "Niambie ukweli. Hutaki siku moja moto uwake kule? Mafuriko? Mwizi tu mmoja?"

"Sitaki."

"Hadithi inataka shida, mama."

"Shida ipo. Mkate haujaumuka."

"Shida ya kweli!"

"Wewe hujawahi kungoja mkate huku una njaa." Mguu wake ulikuwa unatikisika. "Wale wa benchini wamekuja na shida zao kutoka nyumbani. Mimi ninawapa mahali pa kuziweka chini dakika kumi. Baadaye watazibeba tena wenyewe."

Gundi akakaa tena, safari hii bila kuinuka. Kwake hilo lilikuwa tukio. Kisha akachukua mkono wake, ule wenye madoa ya wino, akaubusu kwenye kifundo. "Basi nami niweke hapo benchini."

"Una shida gani wewe?"

Akagusa mfuko wa aproni, akauondoa mkono. Humo mlikuwa na barua aliyoitembeza siku kumi. Kiwanda kikubwa cha vitabu, katika mji wa mbali, kilikuwa kimempa nafasi ya mwaka mmoja kujifunza mashine inayobana vitabu elfu kwa siku. Tangu utotoni alitamani kuigusa mashine kama ile. Lakini alikuwa amemwona huyu dada akihesabu watu kila mlango anaoingia, na hakujua kwa nini, ila alijua kwamba habari ya kuondoka haisemwi hivihivi mbele ya mtu wa namna hiyo.

"Shida yangu wewe," alisema, na Mapokezi akamsukuma begani.

*

Hadithi ya saba ilifika dukani katika wiki ambayo wanachuo wengine walileta ripoti zao za mwisho, wakapangana tena mpaka nje. Mapokezi aliziacha karatasi juu ya kaunta akakimbia kazini. Siku hiyo, Jumatatu, kliniki ilipokea madaktari wageni wa mtoto wa jicho, wagonjwa mara tatu ya kawaida. Alihitaji nakala arobaini kabla ya saa nane mchana.

Gundi akachapa mbiombio. Alipogeuza karatasi ya kumi na moja hapakuwa na ya kumi na mbili. Akapekua kaunta, akainua mashine, akapiga magoti, akamwaga pipa la taka sakafuni mbele ya wateja. Hakuna. Akapiga simu. Akapiga tena. Simu za wafanyakazi wa kliniki hufungiwa kabatini saa za kazi.

Saa sita na nusu. Mwenye duka akampazia sauti. Gundi akaketi mbele ya kompyuta, mguu ukidunda, barua ikimkwaruza mfukoni. Alijua mwisho unavyokwenda; wanarudi, wanakaa, saba. Angeweza kuandika hivyo. Vidole vikaandika kingine:

*Jioni ile Binti wa Taa alifunga soksi zake kwenye kitambaa. Akawaambia anakwenda kuona taa za mji mwingine. Hawakumzuia. Mezani wakahesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita.*

Akaisoma. Akafikiri: akiona hapa, nitajua namna ya kumwambia. Akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kutema karatasi.

*

Saa tisa mchana benchi lilikuwa limejaa. Mwishoni alikaa babu mmoja mwenye koti la kahawia, aliyekuja peke yake. Macho yake yalikuwa yameshatiwa dawa. Alikishika kile kijitabu mbali, akakileta karibu, akakitoa tena.

"Binti," aliita upande wa dirisha. "Huyu zimwi wenu leo kapoteza nini?"

Mapokezi akatabasamu. Akatoka nyuma ya kioo akakaa pembeni yake. Ilikuwa saa yake ya mapumziko, na hakuwa amepata nafasi ya kukifungua kijitabu tangu nakala zilipoletwa. Akasoma kwa sauti. Wengine wakasogea. Bibi Mwavuli alikuwa amesahauliwa kwenye kiti, watu wakamkalia, akawasema. Babu alicheka hadi machozi ya dawa yakamtiririka.

Akafunua ukurasa wa mwisho.

"Jioni ile Binti wa Taa alifunga soksi zake..." Sauti ikapungua. Macho yake yalikuwa yameshatangulia mpaka chini, kwenye sita.

"Eeh?" babu akasema. "Akazifunga, halafu?"

Mapokezi akarudisha macho juu, akausoma tena mstari ule kimoyomoyo.

"Malizia, mwanangu. Mimi sioni."

"Kimeishia hapo, babu."

"Hakijaisha. Wewe ndiye umenyamaza."

Akasimama. Kijitabu kilimdondoka, na hakukiokota.

*

Aliingia dukani saa kumi na moja, kitambaa kimelegea, beji imegeuka nyuma mbele. Kwa mara ya kwanza hakuhesabu watu.

"Ukurasa wangu uko wapi?"

"Mapokezi, nilikupigia mara sita. Ulipotea hapa hapa, sijui ume—"

"Umeutupa."

"Nimeutupa? Nimemwaga pipa zima la taka! Waulize hawa!"

"Umeutupa ukaweka wako. Tangu mwanzo ulikuwa unataka ubaya uingie. Sasa umemuua."

"Nimemuua nani? Amesafiri!"

"Huko hakurudi mtu."

Gundi akazunguka kaunta akamfuata, mikono imefunguliwa. "Mpenzi, sikiliza. Ni hadithi tu."

Laiti angesema lingine lolote. Mapokezi alirudi nyuma hatua moja kama aliyeguswa na pasi ya moto.

Mwenye duka, akidhani anasaidia, akaingilia kwa sauti yake ile. "Mwanangu usigombane naye wiki hii. Jumamosi si anasafiri? Mwaka mzima utabaki unajuta."

Mapokezi akamgeukia Gundi polepole. "Jumamosi?"

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka kunizoesha." Sauti ilikuwa chini sana. "Ukaona unizoeshe kwanza na kikombe kimoja."

Akatoka. Gundi alisimama mlangoni na mkasi mkononi, asijue aliuchukua kwa kazi gani.

*

Jumatatu hiyo usiku simu iliita mara kumi na moja. Jumanne mara tisa. Mapokezi aliiweka chini ya mto, akaitoa, akaitazama ikiwaka na kuzima. Alifunga mlango, akarudi kuhakikisha umefungwa, akarudi tena. Alijaribu kuandika hadithi mpya. Zimwi alikaa tu kwenye cherehani bila kusema. Kazini aliita namba kumi na saba mara mbili, akaruka ya kumi na nane, mgonjwa mmoja akamwambia, "Dada, hata wewe unahitaji kupimwa."

Jumatano jioni alimkuta mama yake sebuleni, miwani puani, kijitabu cha saba mkononi. Mapokezi alizoea kumletea nakala ya kila hadithi, na mama alizoea kuziweka chini ya redio bila kuzifungua.

"Mama, hicho kimeharibika. Nipe."

"Kimeharibika wapi?"

"Mwisho. Aliandika mtu mwingine."

"Nilijua." Mama akakikunja vizuri, lakini hakukitoa. "Cha kwanza nilikisoma. Kile cha sindano. Nikafika pale wanapohesabu vikombe, saba vimetimia, nikafurahi nao. Kisha nikaenda kutenga chakula. Hapa kwetu nikatenga sahani mbili." Akavua miwani. "Sikufungua vingine. Kule wametimia, humu hatujatimia. Nikaona hadithi inanidanganya, na anayenidanganya ni mwanangu."

"Sikukusudia, mama."

"Najua hukukusudia. Ulikuwa unamweka mdogo wako mahali. Lakini hiki nimekisoma mara tatu. Maana humu kuna watu sita wanaokaa mezani na pengo, na bado chai inanyweka. Hao ndio sisi." Akapangusa miwani kwa ncha ya khanga. "Na yeye kafunga soksi zake mwenyewe. Hakuburutwa. Aliyeandika hapa ni nani?"

"Fundi wa duka la vitabu."

"Ndiye huyo anayeitetemesha simu yako mpaka mto unahema?"

Mapokezi akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Mama akamsogezea bega. Walikaa hivyo mpaka chai ikawa baridi.

*

Ijumaa mchana mwanachuo mmoja aliingia kliniki akihema, ripoti nene imebanwa kwapani.

"Dada, samahani. Hii karatasi ina muhuri wenu."

Akafungua ripoti. Ilihusu mifereji ya maji ya mvua. Kati ya jedwali la kina cha mitaro na picha ya daraja, imebanwa barabara kwa gundi na uzi, ilikuwako karatasi ya kumi na mbili kwa mwandiko mdogo, wa mviringo: *Wakakaa. Wakahesabu. Kimoja, viwili...*

"Siku ile kaunta ilikuwa vurugu," mwanachuo akasema. "Nilizoa karatasi zangu nikazoa na hii. Mimi mwenyewe sikusoma ripoti yangu, Mungu anisamehe. Mwalimu ndiye kaiona."

Pembeni paliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Haihusiani na mifereji. Ndio ukurasa pekee niliosoma mara mbili. Uirudishe kwa mwenyewe.*

Mapokezi aliishika ile karatasi kwa mikono yote miwili. Gundi hakuutupa ukurasa. Aliutafuta hadi ndani ya pipa la taka, kama alivyosema. Akasoma vikombe saba vyake, vyote vimekaa sawa, vimetimia. Kwa mara ya kwanza vilionekana vingi mno kwa meza ile.

"Nikuchanie uende nayo?" mwanachuo akauliza.

"Iache. Fundi aliibana vizuri." Akamtazama. "Ulipata ngapi?"

"Nimefaulu, dada. Nadhani ni kwa sababu ya hiyo."

Jioni ile akachukua fomu nyingine ya zamani, akaigeuza, akaandika bila kusimama. Miguu yake ilitulia chini ya meza.

*

Asubuhi ya Jumamosi kituo cha mabasi kilichemka. Wapiga debe walikimbizana na mizigo ya watu, honi zilijibizana, muuza maji alipenya katikati ya miguu. Gundi alisimama karibu na mlango wa basi, shati jeupe lililopigwa pasi, begi moja begani. Alikuwa ameshapanda na kushuka mara nne. Simu mkononi. Hakuipiga tena, alikuwa amechoka kusikia ikiita.

Akaona sare ya bluu inakata umati. Mapokezi alikuwa anakimbia, kitambaa mkononi badala ya kichwani. Raba nyeupe, na juu ya raba, soksi. Moja ya njano. Moja ya kijani.

Gundi akazitazama soksi. Akamtazama usoni. Akazitazama tena, na maneno yale ya dukani, huko hakurudi mtu, yakamrudia.

"Zilikuwa za nani?" aliuliza taratibu.

"Za mdogo wangu. Alinifuata mimi kwa kuzaliwa." Alikuwa anahema. "Miaka miwili sasa. Hadithi zile nilianza kumwambia yeye. Alitaka asikie kwamba hakuna anayeondoka, nami nikamwahidi."

"Na mimi nikaja..." Gundi akaziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe. Nikasema ni hadithi tu. Nisamehe, mama."

"Hukujua. Sikukwambia. Nilitaka ujue bila kuambiwa." Akafuta jasho. "Na ukurasa umepatikana. Umebanwa ndani ya mifereji ya maji ya mvua. Kwa gundi yako."

"Yule kijana mwenye haraka!"

"Huyohuyo. Kafaulu."

Wakacheka wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa. Kondakta akapiga ubavu wa basi. "Dada, unapanda au unasindikiza?"

"Nasoma!" Mapokezi akamjibu, akatoa karatasi kwenye mfuko wa sare. "Nipe dakika moja, kaka. Ni ndogo."

"Soma basi, abiria nao wasikie."

Akasoma, sauti ikishindana na injini.

*"Kobe wa Posta alileta barua kutoka kwa Binti wa Taa. Ilikuwa imechelewa sana, maana alikotoka ni mbali. Ndani mlikuwa na maneno manne: Huku taa ni nyingi. Wakaisoma kwa zamu. Zimwi aliisoma mara mbili kwa sababu alilia ya kwanza. Kisha wakaandaa meza. Vikombe sita vikajazwa. Cha saba Bibi Mwavuli alikipindua juu ya kisahani chake, kisiingie vumbi, wakakiacha pale pale pake. Kikawekwa na cha nane."*

Akakunja karatasi.

"Cha nane cha nani?" Gundi akauliza, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba anajua.

"Cha fundi fulani. Asiyetulia. Amekwenda kutazama mashine."

"Naye kikombe chake kimepinduliwa?"

"Hapana. Chake kimesimama. Yeye anarudi." Macho yakamganda. "Au nimeandika uongo?"

Gundi akatua begi chini. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuna sehemu ya mwili wake iliyokuwa ikicheza. Si mguu, si kidole.

"Mwaka mmoja. Nitakupigia kila jioni, upokee usipokee. Nikirudi nitaanzia kwenu, begi likiwa begani, nimwone mama."

"Umwone wa nini?"

"Nimwombe."

"Umwombe nini?"

"Kikombe." Akameza mate. "Nikae meza moja na wewe mpaka vikombe vikatike vishikio kwa uzee. Utanikubali, Mapokezi?"

"Mimi kazi yangu nini?" Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Jaza fomu, ngoja uitwe."

"Uuuwi!" akapiga kelele mama mmoja dirishani. "Kubali vizuri, binti, sisi tumechelewa!"

"Nimekubali!" Akamkumbatia, mkono wa sare ya bluu kwenye shati jeupe, wino wa kidole ukaacha alama begani, na Gundi hakuifuta mpaka alikofika.

Basi likaondoka. Mapokezi alisimama akihesabu vichwa madirishani, midomo ikicheza, mpaka likakata kona.

*

Jioni, kabla taa hazijawashwa, mama yake alitenga vikombe viwili mezani. Mapokezi akaenda kabatini akarudi na viwili vingine. Kimoja akakipindua juu ya kisahani. Kingine akakiacha kimesimama.

Mama akavitazama vyote vinne. Hakuuliza cha nani ni kipi. Alikigusa tu kile kilichopinduliwa, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa, akaanza kumimina.

Simu ikalia.

"Tumesimama njia panda," Gundi akasema. Nyuma yake upepo na kelele za watu. "Humu ndani tuko thelathini na nane."

"Nilishawahesabu."

"Na huko?"

Akatazama meza. Mguu wake ulikuwa umetulia.

"Huku tumetimia," alisema.

"Mwambie chai inapoa," mama akasema, akamsogezea sukari.